Kukusanya funguo za seva si kuzihakiki

Niweke msimamo wangu mapema tusije tukazungushana: amri ya ssh-keyscan inakusanya funguo, haihakiki chochote. Na skripti nyingi ninazoletewa kukagua hapa Dar zinaitumia kana kwamba inahakiki.

Kwa asiyeshinda kwenye terminali, maelezo mafupi. Unapoingia kwenye seva ya mbali kwa SSH, pande zote mbili zinajitambulisha. Wewe unajitambulisha kwa nywila au kwa ufunguo wako, na hilo kila mtu analijua. Lakini kabla ya hapo seva nayo imeshajitambulisha kwako kwa ufunguo wake, na hapo ndipo watu wanapopita wamefumba macho. Mara ya kwanza kompyuta inakuonyesha mstari unaoanza na SHA256, ukifuatiwa na herufi, tarakimu na alama 43, inakwambia seva hii haiijui, kisha inauliza kama uendelee. Unaandika yes. Ufunguo unaingia kwenye faili la known_hosts, na kuanzia siku hiyo ukibadilika unapigiwa kelele.

Mpango huo wa kuamini mara ya kwanza una mantiki yake. Tatu Ylönen aliiandika SSH mwaka 1995 kule Finland baada ya nywila kunaswa kwenye mtandao wa chuo chake. Angesema kila seva ikasajiliwe kwanza mahali fulani ndipo itumike, nadhani mpaka leo tungekuwa na telnet, njia ya zamani inayopitisha nywila waziwazi. Kwa hiyo aliacha swali moja mlangoni, akategemea kwamba binadamu atalijibu kwa akili. Sisi tukaliondoa hilo swali kwa skripti.

Mtanzania gani hajapokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja la fulani"? Ufundi wa ujumbe ule uko kwenye kipande cha mwisho. Jina la mpokeaji linatokea kabla hujathibitisha ili ulilinganishe na jina unalolijua wewe. Tapeli anakuwahi: namba anakupa yeye, na jina anakupa yeye. Unaweka namba, jina linalingana na ulichoambiwa, unaridhika, hela imekwenda. Sasa tazama mistari hii miwili, ambayo nimeikuta kwenye miradi ya watu tofauti kabisa:

ssh-keyscan -H $SEVA >> ~/.ssh/known_hosts
ssh deploy@$SEVA

Mstari wa kwanza unakwenda kwenye anwani ileile, kwa njia ileile, unamwomba yeyote aliyeko upande wa pili ufunguo, unauandika. Mstari wa pili unarudi palepale na kukuta ufunguo umelingana. Utaachaje kulingana? Aliyekaa katikati amekupa namba, na jina amekupa yeye. Ukurasa wa maelekezo wa amri yenyewe, ambayo toleo lake la kwanza liliandikwa na David Mazières, unaonya waziwazi kwamba ukitengeneza orodha kwa njia hii bila kuzihakiki funguo, watumiaji wako wako hatarini kuingiliwa na mtu wa katikati. Onyo lipo tangu zamani. Hatusomi.

Najua kwa nini mstari ule unawekwa. Skripti ya usiku ikikutana na swali la yes au no inakwama, asubuhi bosi anauliza mbona mfumo haujapanda, kijana anatafuta mtandaoni, anakuta mstari mmoja unaotibu, anaubandika. Wengine wanaandika StrictHostKeyChecking=no, yaani wanaiambia SSH isisimame kuuliza kuhusu ufunguo wa seva. Mimi hao nawaheshimu kidogo zaidi, maana mkaguzi akiona neno lile anajua mlango uko wazi na anauliza. Ile ya keyscan inafanana na usalama, kwa hiyo inapita ukaguzi bila mtu kunyanyua kichwa. Na ikiwa inaendeshwa upya kila mara skripti inapoanza, hata kelele ya ufunguo kubadilika imeizima, maana ufunguo mpya unaingizwa kabla haujashtukiwa.

"Sasa mkuu, nani aje kunivizia mimi Sinza?" Nimeulizwa hivyo. Swali halali. Jibu langu ni kwamba hujui unapita kwa nani. Wengi wetu tunafanya kazi kwenye waifai ya mgahawa pale Mikocheni, hotspoti ya jirani, mtandao wa ofisi ambao nywila ya routa yake ipo ukutani. Nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika tarehe 12 Mei 2024, kila fundi alikimbilia mtandao wowote uliokuwa unapumua, na siku kama ile hakuna anayeuliza routa ni ya nani. Wala si lazima awe mtu mbaya. Ukiifuta seva ya kukodi, anwani yake ya IP anaweza kupewa mteja mwingine, na skripti yako ya zamani ikaendelea kubisha hodi nyumbani kwa mgeni.

Tusitishane kupita kiasi vilevile. Ukiwa unaingia kwa ufunguo, si kwa nywila, mtu wa katikati hawezi kuichukua saini yako akaingia nayo kwenye seva halisi. Saini ile imefungwa kwenye kikao kimoja. Lakini anaweza kujifanya yeye ndiye seva. Faili unalopakia analipata. Nywila ya sudo, ile ya kupata mamlaka ya msimamizi, utakayoichapa anaipata. Na kama umemruhusu ajenti wako wa funguo, yaani programu inayokutilia saini kwa ufunguo wako, apite mpaka upande wa pili, anaweza kumtumia kuingia kwingine wakati umeunganishwa. Ukiwa unaingia kwa nywila hata hakuna cha kujadili, umempa.

Kuhakiki maana yake ni kupata alama ya ufunguo, yaani ule mstari wa SHA256, kwa njia nyingine, isiyopita palepale unapopashuku. Na hapa mjini njia hiyo tunayo, ni ya bei rahisi, tunaitumia kwa kila kitu isipokuwa hiki: kupiga simu. Kuna mama mmoja msimamizi wa mitambo ninayefanya naye kazi, ofisi yake iko upande wa Posta. Mazungumzo yetu seva mpya ikisimama huwa hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekwama?"

"Hapana mama. Naomba unisomee alama ya ile seva mpya, ya ufunguo wa aina ya ed25519."

"Kwani kwako haijatokea?"

"Imetokea. Nataka ya kwako."

Anaingia kwenye konsoli, yaani skrini ya seva yenyewe isiyopita SSH, anaandika ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub, anaanza kusoma: q ndogo, M kubwa, saba, mkwaju, t ndogo, jumlisha... Anasoma mpaka mwisho, mimi nafuatisha kwa kidole kwenye kioo. Dakika moja na ushee, basi. Kuna wanaosomeana herufi nne za mwanzo na kuridhika. Nne hazitoshi: michanganyiko yake haifiki hata milioni 17, na kompyuta ya kawaida tu, ikiachwa itengeneze funguo mfululizo, itapata wenye mwanzo huo kabla hujamaliza chai.

Kama kusoma kunakuchosha, mwenzako akutumie alama kwa ujumbe wa simu. Tangu toleo la 8.0 la mwaka 2019 la OpenSSH, programu ya SSH inayotumiwa na wengi, pale kwenye swali si lazima uandike yes; unabandika alama uliyotumiwa, programu inalinganisha yenyewe, na isipolingana inakuuliza tena badala ya kukupitisha. Hii kwangu ndiyo njia bora kuliko zote kwa timu ndogo, na nashangaa haifundishwi.

Mfano mkubwa wa jambo hili ulitokea Machi 2023. GitHub, mtandao wa kuhifadhi kodi za programu, waligundua kwamba ufunguo wao wa siri wa aina ya RSA ulikuwa umeonekana kwa muda kwenye hifadhi ya wazi, wakaubadilisha tarehe 24. Watumiaji dunia nzima wakapigiwa kelele kwamba huenda mtu anafanya jambo baya, safari hii kukiwa na sababu njema. Waliokuwa wakitumia funguo za aina nyingine, ECDSA na Ed25519, hawakuguswa. GitHub walitangaza alama mpya kwenye tovuti yao, inayolindwa kwa cheti cha HTTPS, yaani njia tofauti na SSH. Kilichotakiwa ni kufungua ukurasa ule, kulinganisha, kufuta ufunguo wa zamani kwa ssh-keygen -R na kuweka mpya. Aliyekimbilia keyscan peke yake alikuwa anabahatisha, hata kama alipata ufunguo uleule.

Kwa ofisi yenye seva nyingi, simu hazitatosha. Hapo ninapendekeza alama ziandikwe siku seva inaposimikwa, kutoka kwenye konsoli, na ufunguo uingie kwenye faili moja la ssh_known_hosts linalotunzwa kwenye Git, mfumo wa kufuatilia mabadiliko ya mafaili, ambalo kila badiliko lake linapitiwa na mtu wa pili. Skripti zote zisome faili hilo na zisiongeze kitu. Ukikua zaidi, tumia vyeti vya seva, yaani funguo za seva zilizotiwa saini na ufunguo mmoja mkuu wa ofisi, vilivyomo ndani ya OpenSSH tangu 2010: mstari mmoja wa @cert-authority kwenye kompyuta za wafanyakazi unabeba seva zote ulizozitia saini. Kuna pia rekodi za SSHFP, zinazoweka alama kwenye DNS, ule mfumo wa majina ya mtandao, lakini bila DNSSEC, saini zinazothibitisha majibu ya DNS, umehamisha tatizo tu.

Na wauzaji wa seva wa hapa nyumbani wananikera kwenye hili. Unalipia, unaletewa barua pepe yenye anwani, jina la mtumiaji na nywila ya root, msimamizi mwenye mamlaka yote, tena waziwazi. Alama ya ufunguo hamna. Omba iandikwe kwenye hati ya makabidhiano, aina zote zilizowashwa. Niliwahi kuomba kwa mtoa huduma mmoja nikajibiwa niendeshe tu keyscan mwenyewe. Tukarudi kwenye "jina litakuja la fulani".

Keyscan ina kazi yake, na ni nzuri. Ipeleke kwenye seva ambazo funguo zake tayari unazo, iendeshe kila usiku kutoka sehemu mbilitatu, tuseme faiba ya ofisi, mtandao wa simu na seva iliyo nje ya nchi, kisha linganisha na orodha yako. Zikitofautiana, kuna wa kuulizwa. Vilevile itakuonyesha seva zenye ufunguo unaofanana, na huo ni ugonjwa wa kweli hapa kwetu: mtu anatengeneza mashine pepe moja safi, anainakili mara nane kwa wateja wanane, wote wanatembea na ufunguo mmoja wa siri, na mwenye root kwenye mashine moja anaweza kujifanya zile saba nyingine. Ukizikuta, ingia kwa konsoli kwenye kila nakala, futa mafaili ya /etc/ssh/ssh_host_*, endesha ssh-keygen -A, washa upya sshd, programu ya SSH ya upande wa seva, na ndipo uandike alama mpya kwenye orodha.