Punda wangu waliingia harusini bila mwaliko

Laptopu mbili zimeniaibisha mbele ya nusu ya mtaa wetu wa Langoni, wallahi. Moja yangu, Windows 7, bawaba zimeliwa na kutu ya chumvi mpaka kuifungua lazima uibane kwa magoti. Ya pili ya mke wangu, yeye hupiga picha za harusi hapa Lamu, zile shughuli za wanawake watupu, na yake betri imekufa kabisa, waya ukiguswa tu inazima. Tukajinyima tukanunua moja mpya, nikasema haya, vya huku na vya huku vyote viingie humu, tupumzike.

Mke wangu akanipa sharti moja. "Baba Salma, folda yangu usiifungue. We hamisha tu." Manake mule mna bi harusi siku ya kutolewa nje, wanawake vichwa wazi, hainihusu. Nami mtu wa heshima zangu, sikufungua. Hapo ndo nilipoponzeka.

Kwanza flashi ikanitia wazimu. Video ya GB 6 ati kubwa mno, na flashi ni ya GB 32 na haina kitu! Kumbe ilikuwa imefomatiwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuweka faili, na huo faili moja ikifika GB 4 haubebi, hata nafasi iwe kama uwanja wa ndege. Nikaifomati kwa mpangilio mwingine, NTFS, ikanyamaza.

Sasa mimi nina punda wanne wa kubeba mchanga na mawe, na daktari wa mifugo aliniambia niwapige picha vidonda, meno, kwato, nifuate hali zao, basi kamera yangu imejaa punda. Na kamera yangu na ya mke wangu ni kampuni moja, zote zinaanza DSC_0001 zinakwenda mbele, na mimi mbaya huzifuta, kwa hivyo namba zangu zina mapengo kama meno ya babu. Folda yake inaitwa Picha. Yangu, Picha. Nikatia yake, nikafuatisha yangu, laptopu ikaniuliza: kuna faili zenye majina sawa, ubadilishe, uruke, ama uchague mwenyewe? Saa sita za usiku nani wa kuchagua? Nikabonyeza ya kwanza. Na nilikati, sikukopi, ili zile kuukuu zibaki nyeupe tuziuze.

Ijumaa wanawake wakajaa kwetu, waya wa HDMI kwenye tivii, mimi nimefukuzwa niko darini? Wapi, niko dakani, hapo barazani mlangoni, na kahawa yangu. Nasikia vigelegele. "Mashaallah, hina hiyo!" Vigelegele tena. Halafu kimya. Halafu sauti ya shangazi wa bwana harusi, pole pole kabisa, "Huyu... ni nani?" Mtu akajibu, "Ni punda." "Naona ni punda. Punda wa nani?"

Picha ikaenda mbele, bi harusi, bi harusi, mgongo wenye kidonda, bi harusi, kwato. Kisha nikasikia nyumba nzima imepasuka kwa kicheko, kumbe pale bi harusi alipotabasamu pameingia meno, meno tu, tivii imejaa, nilikuwa nayapima umri.

"BABA SALMA!"

Nikaacha kahawa.

Kumpelekea fundi haiwezekani, fundi mwanamume, ataziona. Tukamwita binti wa dada yake mke wangu, amesomea kompyuta, akaniambia nisiiguse ile laptopu kuukuu ya mke wangu hata kidogo, faili ikifutwa haiondoki papo hapo, nafasi yake imeandikwa tu kuwa iko wazi mpaka kitu kingine kikalie juu. Nikamwambia alhamdulillahi, hakuna aliyeigusa. Salma akaangalia miguu yake. Alikuwa ashatia gemu.

Yule binti wa kompyuta akakesha na programu yake ya kufufua, mimi mlangoni nimepewa mgongo wa kiti, chai napitisha kwa mkono. Asubuhi zimerudi zote ila 9, gemu imezikalia. Mke wangu akapeleka kazi kwa mwenyewe, akaomba radhi na bei akapunguza.

Jioni akapigiwa simu na nyanyake bi harusi. Anauliza yule wa meno mbona ameondolewa.