Wati 500 za kwenye stika

Wiki mbili zilizopita umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, ukarudi kwa kishindo. Mara ya tatu kompyuta ya steshenari yangu haikuamka. Feni ilizunguka nusu, ikatulia, halafu ikaja ile harufu. Wenye mashine mnaijua. Na nje kuna foleni ya vijana wa maombi ya mkopo wa chuo, kila mmoja na flashi yake na bahasha ya kaki.

Iliyoungua ni saplai, lile boksi la ndani linaloigawia kompyuta umeme. Nikadandia daladala hadi Kariakoo kutafuta nyingine. Muuzaji hakuuliza mashine ni ya aina gani wala ina kadi ya grafiki, ile ya kuchora picha nzito, au haina. Alitazama mkoba wangu, akavuta boksi. "Dada yangu, chukua hii, wati 500, mpya kabisa, elfu thelathini tu."

Iliishi siku nne.

Sasa naomba mnisikilize, maana hasira haijaisha. Ile 500 imeandikwa kwa tarakimu kubwa kama namba ya jezi. Chini yake kuna kajedwali ka herufi za kuumiza macho, na hako ndiko kanakosema kweli. Kwenye safu ya volti 12 pameandikwa ampea 14. Zidisha mwenyewe, volti mara ampea ndiyo wati: 168. Prosesa, ubongo wa mashine, inakula hapo, kadi ya grafiki inakula hapo, mota ya diski nayo hapo hapo. Yaani nimeuziwa wati 500, zinazonifaa ni 168! Nyingine wamezigawa kwenye volti 5 na 3.3 ambako mashine yangu haina njaa kiasi hicho, na zilizobaki nadhani zimo kwenye wino wa stika.

Nikatoa mizani yangu ya kupimia unga wa keki. Saplai ya zamani, iliyokuja na mashine, ingawa imeungua: kilo 1 na gramu 600. Hii mpya: gramu 740. Uzito wa saplai ni koili za shaba, kepasita nene za kutunza umeme na vile vipande vya alumini vya kupoza joto, na hivyo vyote ni gharama. Nikamulika ndani kwa tochi ya simu kupitia matundu ya feni. Kwenye bodi pamechorwa alama ya koili, ile ya kuchuja umeme unapoingia, na mahali pa koili pamechomelewa kipande cha waya. Walijua kabisa kinachotakiwa. Wakachora, wakaacha.

Haya, nakiri: kama mashine yako ni ya kuandika barua tu na haina kadi ya grafiki, huenda isifike hata wati 100, na kadude haka kakakusogeza mwaka mzima. Mimi natengeneza kadi za kitchen party na mabango. Na hata ya kuandika barua, ungependa hiyo koili ya kuchuja umeme iwepo.

Ile alama ya 80 Plus inayobandikwa kwenye saplai inasema umeme kiasi gani unapotea kama joto, basi. Na stika huchapwa popote, mimi mwenyewe ningeweza kukuchapia.

Mwishowe nilinunua iliyotumika, wati 450, ampea 36 kwenye volti 12. Hizo ni wati 432, yaani inakaribia sana inachodai. Elfu arobaini na tano. Kuifunga ilinichukua nusu saa na bisibisi moja: skrubu nne za nyuma, plagi ya pini 24 ya bodi kuu hadi ikalia *tik*, kisha ya prosesa. Hii ya prosesa inafanana na ya kadi ya grafiki kama pacha, soma maandishi kabla ya kusukuma. Wenye kompyuta za Dell OptiPlex za mtumba, hesabuni pini kabla ya kutoka nyumbani, kuna matoleo yenye plagi ya pini 8 badala ya 24 na hii ya kawaida haiingii hata kwa dua. Kama nyuma kuna kaswichi kekundu, kawe kwenye volti 230. Jirani yangu alikaacha 115, mlio ukawatoa wateja wa saluni nje na rola kichwani. Na saplai yenyewe msiifungue, kepasita zake zinaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata ukishachomoa waya ukutani.

Ile ya elfu thelathini niliirudisha. Muuzaji hakubisha hata kidogo, alikuwa mpole kama mchungaji. "Pole dada yangu, hiyo ilikuwa ndogo kwako. Ongeza elfu kumi na tano nikupe ya wati 650."

Nikaipokea, nikaipima kwa kiganja. Uzito ule ule.