Mimi Simo Kwenye Ile Milioni Tano

Kuna jambo linanikaba kooni tangu Agosti 2022, na leo nalitema.

Karani wa sensa alinikuta barazani nimevaa msuli. Binti mstaarabu, kizibao chake, kishikwambi mkononi. Akauliza mkuu wa kaya ni nani. Nikasema ni mimi. Mama watoto akakohoa kule jikoni, lakini karani hakukiandika kile kikohozi, tukaendelea. Binti akasoma kwenye kishikwambi: mkoa Pwani, wilaya Kisarawe, kata Kiluvya.

Nikamwambia, "Binti, shusha hapo hapo. Mimi ni mtu wa Dar."

Akasema, "Baba, sensa inahesabu mtu pale alipolala."

"Mimi hapa nalala saa tano tu! Saa kumi na tisa zilizobaki niko Dar, nyingine nimesimama kwa mguu mmoja kwenye daladala. Hesabu zile nilizo macho!"

Akanitazama kama anavyotazamwa mzee aliyemeza dawa bila kula. Akabonyeza, akabandika alama yake mlangoni, akaenda kwa jirani. Matokeo yalipotoka, Mkoa wa Dar es Salaam una watu 5,383,728. Ile 28 ya mwishoni inanikosesha usingizi. Kwangu tuko sita: mimi, mama watoto, watoto watatu, na mdogo wake mama watoto aliyekuja kututembelea kwa wiki mbili mwaka 2019. Tungehesabiwa kwa haki, jiji lingesoma 34 pale mwishoni.

Wakati huo huo Pwani, ambayo mwaka 2012 ilikuwa na watu milioni moja na laki moja hivi, ikaonekana imevuka milioni mbili. Wataalamu wakasema ongezeko ni kubwa. Wapwani wa watu hawakukesha wakizaa! Ni sisi, wapangaji wa Manzese na Tandale na Mwananyamala tuliochoka kugombana na mama mwenye nyumba kuhusu luku, tukaenda kununua viwanja gizani.

Mimi changu nilinunua mwaka 2014. Dalali alinipigia simu akasema, "Bosi, kiwanja kiko Dar kabisa, dakika tano toka lami, umeme upo, maji yapo." Hakudanganya hata neno moja, ndiyo maana nashindwa kumshitaki. Dakika tano ni kwa bodaboda asiyependa maisha yake. Umeme ulikuwepo, ulikuwa unapita juu kwenye nguzo kubwa ukielekea kwa wenyewe. Na maji yapo: yanatoka Mto Ruvu, yanasafishwa kule Mlandizi, yanapita upande wetu ndani ya bomba yakienda kwenye matangi ya Kimara. Ukitulia usiku unaweza kujidanganya unayasikia yakikusalimia.

Na kiwanja chenyewe tulipima kwa hatua, ishirini kwa ishirini. Dalali ndiye aliyepiga hatua. Nikija kununua tena kiwanja, namtafuta kwanza mchezaji wa kikapu anipimie, maana yule bwana ana futi tano, na siku ile alitembea kama bibi harusi anayeingia ukumbini.

Mpaka wenyewe wa mkoa sasa. Duka la mangi ninaponunua chumvi liko upande wa Ubungo, yaani Dar. Nyumba yangu iko upande wa Kisarawe, yaani Pwani. Kwa hiyo mtoto wangu huvuka kwenda Dar kununua kiberiti, akarudi Pwani kuwasha jiko. Siku chenji ikipungua, tunakuwa na mgogoro wa mikoa miwili.

Ingekuwa ni mimi peke yangu ningenyamaza. Lakini nina shemeji anaishi Chanika. Chanika hiyo hiyo ambayo ukienda msibani unabeba na mswaki. Februari 2021 Manispaa ya Ilala ilipandishwa hadhi ikawa ndiyo Jiji la Dar es Salaam, na Chanika iko ndani ya Ilala. Tangu siku hiyo hatusemi naye vizuri. Anaanza sentensi zake na "sisi huku jijini". Ana mikorosho nyuma ya nyumba, kuku wanalala juu ya mti, asubuhi anaamshwa na kanga wa porini, lakini ni mtu wa Jiji! Halafu balozi mzima, yuko Masaki, ana geti linalofunguka lenyewe na mbwa anayekula kuliko mimi, huyo ni wa Manispaa ya Kinondoni. Shemeji anamwonea huruma. Nilipomwambia Jiji ni mji wote, akaniuliza kwa upole, "Kwani shem, wewe uko mkoa gani?"

Zamani mambo yalikuwa mafupi. Seyyid Majid alitoka zake Unguja miaka ya 1860 akaanza kujenga kando ya kijiji cha Mzizima, mji ukaisha pale macho yalipoishia. Akaja Mjerumani, akaja Mwingereza, akapanga watu kama vyombo kabatini: Uzunguni huku, Uhindini hapa, na sisi Kariakoo, jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, wale wapagazi wa vita kuu ya kwanza. Katikati akaacha uwanja wa Mnazi Mmoja ili tusisogeleane. Ubaguzi mtupu, laana tupu, lakini angalau ulijua ukiambiwa "mjini" ni wapi. Leo mtu wa Goba anasema anaenda mjini akimaanisha Mwenge. Wa Mwenge akisema mjini ni Kariakoo. Wa Kariakoo akisema mjini ni Posta. Nikamuuliza mlinzi mmoja pale Posta, yeye akitaka kwenda mjini anaenda wapi. Akafikiri, akasema, "Mbagala Rangi Tatu, ndiyo kumechangamka."

Mimi hili jiji naliona kama kiganja. Posta na Kariakoo ndiyo kiganja chenyewe. Vidole ni vinne: Barabara ya Bagamoyo inakwenda Tegeta na Bunju, ya Morogoro ndiyo yetu, ya Nyerere, ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road, inakwenda Gongo la Mboto, na ya Kilwa inakwenda Mbagala. Dole gumba ni Kigamboni, limekaa peke yake ng'ambo ya maji na mambo yake ya pantoni. Miaka na miaka mtu wa kidole kimoja akitaka kwenda kidole cha pili alishuka kwanza mpaka kiganjani. Siku hizi kuna Mandela na Sam Nujoma zinakatiza, lakini foleni nayo imejifunza kukatiza. Na mimi ninayeongea na wewe naishi kwenye ukucha. Na si unajua ukucha huwa unafanywaje.

Kukatwa tunakujua. Mwaka 2017 zilipopita zile X nyekundu za nyumba za kubomolewa kupisha upanuzi wa barabara, watu wa Kimara mpaka Kiluvya tulikariri hifadhi ya barabara kuliko tarehe za kuzaliwa za watoto wetu: mita 121.5 kila upande. Ukimwamsha mtu wa Kimara Temboni usiku wa manane ukamuuliza, "Ngapi?" anakujibu, "Mia na ishirini na moja na nusu," anageuka anaendelea kukoroma. Mimi nilinusurika, kwa sababu nyumba yangu iko mbali na lami kuliko alivyosema dalali. Siku ile nilimpigia kumshukuru. Akadhani nataka kiwanja kingine.

Kazini kwangu ni Gerezani, Kariakoo, nauza vipuri vya magari. Bosi anataka niwe nimefungua saa moja na nusu. Kwa hiyo saa kumi alfajiri niko kituoni na tochi ya simu, nimekunja suruali kama mvuvi. Daladala mpaka Mbezi. Mbezi naparamia jingine mpaka Kimara. Kimara naingia kwenye mwendokasi, yale mabasi yenye njia yao peke yao. Hapo kwenye kuingia tusidanganyane, hakuna anayeingia kwa miguu yake. Unasimama mlangoni, umati unakufikisha. Juzi nilipanda na kandambili moja, nikamkuta mama mmoja ndani anayo ya mguu wa pili, si yangu lakini namba moja, tukasaidiana.

Halafu safari yenyewe ya vituo! Kutoka Kimara unapita Korogwe. Unafika Argentina. Baada ya Argentina kituo kinachofuata ni Kagera. Mwanajiografia akipanda pale anaweza kushuka akarudisha cheti. Ukiamua kutembea kwa mguu, kutoka Manzese Argentina unakatiza vichochoro unatokea Sinza Palestina, jasho kidogo tu, hakuna anayekuuliza pasipoti. Moroko iko pale Kinondoni. Namanga iko Msasani, na hakuna Mkenya. Mimi nimezunguka dunia nikiwa na nauli ya mwendokasi mfukoni, ila Pwani ninakolala ndiko sikubaliani nako.

Hii tabia ya kuelekezana kwa vitu visivyokuwepo ndiyo itatuua. Ubungo wamejenga barabara za juu za ngazi tatu, zinapishana kama tambi, zimezinduliwa 2021. Konda bado anaita, "Mataa! Mataa wa kushuka!" Magomeni Mapipa nimeshuka miaka ishirini sijaona pipa. Mnazi Mmoja nao sijui uko kwenye likizo gani. Na usiniguse kuhusu Mbezi. Zipo Mbezi mbili: moja ufukweni huko Barabara ya Bagamoyo, wanakaa watu wenye majenereta, nyingine ni yetu, ya Kimara. Fundi wa makochi alinipigia, "Mzee nimefika Mbezi, nimeweka kochi chini, naona bahari." Nikamwambia kama unaona bahari, beba kochi lako, maana huku kitu pekee kinachometa ni bati la jirani.

Simu nazo zimetufanya waongo mji mzima. Bosi akipiga, "Uko wapi?" jibu ni "Ubungo hapa." Uko bafuni na sabuni usoni, ni Ubungo hapa. Bosi mwenyewe anakaa Tabata Segerea, akipigiwa na wateja naye yuko Buguruni hapa. Tulishawahi kudanganyana hivyo asubuhi moja, kila mtu yuko karibu, duka likafunguliwa saa nne.

Tuliambiwa makao makuu yakihamia Dodoma tutapumua. Wizara zimehama, mafaili yamehama, wakubwa wamehama. Foleni haikupewa barua ya uhamisho.

Kilichonimaliza kabisa ni baba mkwe. Mzee ametoka Songea mwezi uliopita, mara yake ya kwanza kuja, ana mfuko wa mahindi, ana kuku wawili hai na hamu ya kuona bahari. Amekaa kwenye basi kutwa nzima: Njombe, Makambako, Iringa, Morogoro, Chalinze. Nikamwambia atashuka stendi kuu. Zamani hiyo stendi ilikuwa Ubungo. Tangu 2021 imesogea Mbezi Luis. Nilishangilia sana ilipohamia. Niliona Dar inanifuata taratibu, nivumilie tu kidogo itanikuta nimekaa.

Sasa mahesabu yangu yalisahau kitu kimoja. Basi la Songea linafika Mbezi likitokea Kibaha, na kati ya Kibaha na Mbezi ndipo tulipo sisi. Mzee amepita kwetu saa mbili usiku, dirishani, ameona na mwembe wa barabarani. Amekwenda mpaka Mbezi. Konda kapiga kelele, "Dar es Salaam, mwisho wa gari!" Mzee akashuka, akavua kofia, akashukuru Mungu.

Nikampokea, nikabeba mahindi, nikampakia kwenye daladala. Gari likageuza. Mzee akakaa kimya mpaka Kibamba. Pale akanigusa begani.

"Mwanangu, mbona tunarudi Songea?"

"Hapana baba, tunaenda nyumbani."

"Huu mwembe nimeupita muda si mrefu. Nikasema, hawa watu wa njiani wana mwembe mzuri."

Sikujibu. Tukashuka, tukapiga bodaboda mbili, moja ya mzee na moja ya kuku. Binti yake akampokea kwa magoti na maji ya kuoga. Alipomaliza kula akaomba simu apige kwao. Spika ilikuwa wazi, nyumba yetu haina siri.

"Mama, nimefika salama. Wote wazima. Eee, kwa watoto hapa... Dar? Hapana, Dar bado. Nilifika kule mara moja, wakanirudisha. Wanasema nikipumzika, kesho kutwa tutapanda basi twende."