Mayai saba hayahitaji mashine

Kwenye maduka ya vyombo Arusha mjini kuna mashine ndogo ya plastiki yenye mfuniko wa duara, na kazi yake ni moja: kuchemsha mayai. Haipiki wali, haipashi maharage, haichemshi chai. Ni mayai tu, mara nyingi saba kwa mkupuo. Nina neno nayo, maana inakula pesa za watu na nafasi ya kabati, na mnunuzi haambiwi inavyofanya kazi.

Ndani yake kuna sahani ya chuma inayopata moto. Unapima maji kwa kikombe chake, unatoboa kila yai upande butu kwa kipini kilicho chini ya kikombe hichohicho, unafunika na kuwasha. Mvuke ndio unaoivisha. Maji yakikauka, joto la sahani linapanda ghafla na swichi inakata moto au kengele inalia. Watu wanaikimbilia wakiamini mayai yameiva, wakati mashine haijui lolote kuhusu yai. Inachojua ni kwamba maji yameisha.

Hapo ndipo panapotokea jambo linaloshangaza wengi: yai moja linataka maji mengi kuliko mayai saba. Mayai mengi ya baridi yanageuza mvuke kuwa matone, matone yanadondoka kwenye sahani na kuchemka upya. Likiwa moja, mvuke mwingi unatoka nje na maji yanakwisha mapema. Sasa kikombe kikipotea, na watoto wanakipenda sana kile kikombe, umebaki na mashine nzima usiyoweza kuitumia sawasawa.

Halafu kuna mwinuko. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Moshi iko chini zaidi, kwa hiyo ni karibu nyuzi 97. Alama za kikombe zikiwa zimepangwa kwa ajili ya mji wa pwani, kengele inalia huku kiini bado kinateleza. Ongeza maji kidogo kupita alama. Na sahani ikiota ukoko mweupe wa chumvichumvi za maji, weka siki na maji nusu kwa nusu, acha dakika 20, futa kwa kitambaa. Usiparue kwa steelwaya.

Sufuria haina maneno haya yote. Chemsha maji kwanza ya kufunika mayai, yakitokota yatumbukize mayai taratibu kwa kijiko, kwa sababu yai linaloanza kwenye maji ya moto humenyeka vizuri kuliko lililoanza kwenye ya baridi. Hesabu dakika 12 kwa Arusha, 10 au 11 kwa mayai madogo ya kienyeji, kisha yatie kwenye maji baridi. Yai la kutagwa leo litang'ang'ania ganda hata ufanyeje. Lile la wiki moja ni bora.

Kimenyeo cha ndizi nacho sikielewi. Mshare, ndizi ya kupika, ikiwa mbichi ni ngumu, na plastiki inapinda. Paka mafuta mikononi ili utomvu usigande, kata ncha mbili, chana ganda kwa urefu, ingiza ncha ya kisu na ulivue, kisha tumbukiza ndizi kwenye maji isiwe nyeusi. Kisu kimoja kimetosha. Blenda kwa mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, ninaikubali nusu: ikisaga kupita kiasi, wanga wa ndizi unavutika na mtori unakuwa gundi. Ukiitumia, acha supu ipoe kwanza na usivuke nusu ya jagi. Mvuke wa supu ya moto hurusha mfuniko, na unayeungua ni wewe. Mwiko unaponda vizuri kabisa.

Ajabu ni kwamba kifaa chenye maana ndicho kinachorukwa. Umeme ukikatika na kurudi, gadi ya friji, kile kifaa cha kuilinda kinachokaa kati yake na soketi ya ukutani, huwasha taa ya kusubiri kwa dakika tatu mpaka tano. Mtu anaona taa, anasema gadi mbovu, anachomeka friji moja kwa moja ukutani. Kumbe kule kusubiri ndiyo kazi yenyewe: presha ya gesi ndani ya mabomba inatakiwa isawazike kabla kompresa haijaanza tena. Ikilazimishwa mapema, mota inakwama, inavuma, inavuta umeme mwingi, halafu unasikia "tik" kinga yake ikikata. Ikirudiwa mara nyingi, koili inaungua, na gharama ya kompresa inazidi gadi mara nyingi. Iache isubiri. Na chomeka friji peke yake kwenye gadi, bila pasi wala jagi la umeme, kwa sababu hivyo viwili vinavuta umeme mwingi na soketi inayopata moto huanza kuyeyuka.