Mafuta ya Nanaa ya Wifi

Kwetu Tanga, Idi ni vileja. Vileja vya mama mkwe, vya unga wa mchele, samli na iliki, na hakuna mwenye akili timamu anayethubutu kushindana navyo. Mwaka ule mume wangu alithubutu. Alikuwa ameona kwenye simu Mmarekani mmoja akipika biskuti laini za nanaa zenye vipande vya chokoleti, akaniambia, "Mama Saidi, hii ni hesabu tu." Yeye ni fundi umeme. Kwake kila kitu ni hesabu tu, hata ndoa.

Tukaanza siku ya mwisho ya Ramadhani, mchana, tukiwa na saumu zetu. Kumbukeni hilo la saumu.

Maelezo yalitaka oveni iwe 350. Oveni yetu ya gesi inaishia 250. Nilimkuta mwenzangu ameshaivuta kutoka ukutani, bisibisi mkononi, anatafuta pa kuiongezea nguvu. Nikamwambia hizo ni Farenhaiti, ndivyo wapimavyo Wamarekani, kwetu ni kama 177. Akairudisha bisibisi mfukoni kwa masikitiko makubwa.

Vile vipande vidogo vya chokoleti vinavyouzwa kwa pakiti havikupatikana, tukanunua chokoleti ya kawaida na kuikatakata kwa kisu. Mume wangu akasema hata aliyeanzisha biskuti za vipande vya chokoleti, Ruth Wakefield wa huko Massachusetts, miaka ya 1930, naye alikatakata hivyo hivyo. Sawa, lakini Bi Ruth hakukatia mtaani kwetu Ngamiani saa nane mchana. Chokoleti huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, na jikoni kwetu, oveni ikiwaka, nyuzi hizo tulikuwa tumeshazipita. Kila nilichokata kilinigandia vidoleni. Na mtu mwenye saumu kidole chake cha chokoleti hakilambi. Anakiosha, huku anakitazama.

Ikafika zamu ya nanaa. Maelezo: arki ya nanaa, kijiko kimoja cha chai. Mimi arki ninayo ya vanila tu. Mume wangu akaenda chumbani akarudi na kichupa kidogo cheusi chenye maandishi ya Kiarabu na picha ya jani. Kilikuja na mzigo wa wifi kutoka Muscat, pamoja na tende na ubani. Wifi alituma na ujumbe wa sauti kueleza kipi ni cha nani. Mume wangu aliusikiliza mpaka kwenye tende, akauzima.

Basi arki ni kitu kilichozimuliwa, mafuta kidogo ndani ya spiriti. Kile kichupa kilikuwa mafuta matupu, ambayo mpishi huyahesabu kwa tone. Kijiko cha chai kinabeba mililita 5, yaani matone kama 100. Haya yote nimeyajua baadaye. Siku ile nilichojua ni kwamba kizibo kilipofunguka, paka aliondoka.

"Si kali hiyo?" nikauliza, macho yananitoka machozi.

"Ikiingia motoni harufu inapungua," akasema. Kisha akatia kijiko cha pili, kwa sababu tulikuwa tunatengeneza maradufu.

Mama mkwe, aliyekuwa amejilaza barazani na mafua yake yaliyomkaa wiki nzima, akatupigia kelele: "Onjeni! Mpishi ana ruhusa, kwa ncha ya ulimi kisha uteme!" Mume wangu akajibu kwamba magharibi si mbali, tusiichezee saumu kwa ajili ya biskuti. Mimi nikaona ameongea la dini, nikanyamaza. Akamalizia kwa rangi, maana za Mmarekani zilikuwa za kijani kidogo. Zetu zikatoka kijani cha mlango wa msikiti.

Zilipoingia ovenini, jirani akauliza kupitia dirishani, "Jamani, nani kateguka huko?" Akadhani tunamchua mtu.

Asubuhi ya Idi, baada ya swala, wageni wakaanza kuingia. Wa kwanza baba mdogo, kanzu imepigwa pasi, kofia ya vito, mtu wa heshima ambaye hajawahi kuharakisha jambo. Sahani ya vileja ilikuwepo, lakini mume wangu akamsogezea ya kijani. "Karibu baba, jaribu na hii."

Baba mdogo akauma, akatafuna. Mara akaacha kutafuna. Macho yake yakatoka nje kutafuta msaada. Akafungua mdomo apumue, na lile ndilo lilikuwa kosa, kwa sababu hewa ikaingia. Akalidaka jagi la maji ya barafu.

Sasa, nanaa haipozi kitu. Mentholi iliyomo inaamsha mishipa ile ile ya fahamu inayohisi baridi, ulimi unadanganyika kwamba umewekewa barafu. Mtu aliyedanganyika hivyo, halafu ukampa barafu ya kweli! Baba mdogo alimeza funda moja tu. Akasimama, akaketi, akasimama tena, akasema "Subhanallah" lakini sauti haikutoka. Tukaona midomo tu.

Watoto waliokuja kuchukua mkono wa Idi walitushinda akili. Waligundua kwamba ukila moja kisha ukavuta pumzi kwa mdomo, unapata upepo wa kipupwe bure. Wakajipanga ukutani, wanavuta kwa pamoja, anayelia anatoka. Nilipochungulia tena, shilingi za Idi zilikuwa zinahama mifuko. Nikapokonya sahani.

"Unaipeleka wapi?" akauliza mama mkwe.

"Namwaga, mama. Zimeharibika."

"Lete nione."

Akamega kipande, akatafuna bila haraka, kama kawaida yake. Chumba kizima kimya. Baba mdogo akamtazama kwa huruma ya mtu aliyerudi kutoka huko. Kwanza tundu la kulia la pua likapiga mluzi. Kisha la kushoto likazibuka, kwa sauti. Mama mkwe akavuta pumzi ndefu, akageukia dirishani.

"Kumbe jirani kapika pilau," akasema. "Na bizari kazidisha."

Wiki nzima alikuwa hasikii harufu ya kitu. Akaichukua ile sahani, akazipanga biskuti kwenye kopo la maziwa, akalisukuma chini ya kitanda. Kuanzia hapo, ukitaka biskuti unaeleza kwanza unaumwa nini. Nusu kwa mafua, na chai ya tangawizi. Nzima kwa kifua. Robo kwa mwenye shinikizo la damu, na sijui hilo alilitoa wapi. Alasiri akaja mama mmoja wa mtaa wa pili ambaye simjui, kajitanda khanga, ananong'ona mlangoni: "Nimeambiwa kwenu kuna biskuti za kifua."

Mume wangu alipita kifua mbele siku nzima. "Vileja vimewahi kuombwa na mgonjwa?" akaniuliza.

Jioni wifi akapiga simu kutupa mkono wa Idi. Baada ya salamu, akauliza, "Kaka, ule ujumbe wangu uliusikiliza wote? Kile kichupa ni cha mama, kwa ajili ya mafua. Matone mawili tu kwenye maji ya moto, ajifukize. Yasizidi, ni makali hayo! Umempa?"

Mume wangu akamtazama mama yake, aliyekuwa anamegua nyingine kochini.

"Nimempa."

"Anajifukiza?"

"Anatafuna."

"Anatafuna nini?"

Akanikabidhi mimi simu, akaenda kuoga.