Pasha mtu moto, si nyumba nzima

Naandika haya nikiwa ukumbini kwa mamangu, Kibokoni, katikati ya Julai. Kusi inavuma tangu alfajiri, manyunyu yamepita mara mbili, na mama amejitanda leso ya pili mabegani huku akimhimiza mjukuu wake afunge dirisha. "Baridi ya leo si mchezo," asema. Simu yangu yaonyesha nyuzi 24. Sikumbishia. Mwili hupima baridi kwa ulichozoea, na mwili wa mama umeizoea Mombasa miaka 73.

Kilichonifanya niandike ni huyo mjukuu, mtoto wa kakangu, ambaye Septemba anakwenda Uingereza kusoma. Orodha yake ya safari ina sweta, soksi, pilipili ya unga, na chini kabisa: hita. "Shangazi, si niinunue hapa hapa? Plagi si ndiyo hii hii?" Ni kweli, plagi ni ile ile ya meno matatu tunayotumia Kenya. Hata hivyo nilimwambia aifute. Hita kule zimejaa madukani, na kilo zake za mzigo azitilie vitu ambavyo hatavipata. Ila kabla hajaingia duka lolote, nataka ajue hita hula nini. Mimi sikuambiwa na mtu, na nililipa vibaya sana.

Nilifika Leicester Oktoba 2022, wakati bei ya gesi na umeme ilikuwa imepaa baada ya vita vya Ukraine. Serikali iliizuia isipande zaidi, na hata baada ya kuzuiwa uniti moja ya umeme, yaani kilowati moja (wati 1000) kwa saa moja, ilikuwa peni 34 hivi. Nilipanga chumba juu ya duka, dirisha la kioo kimoja likitazama uchochoro wa mapipa ya taka. Gesi haikuwapo, kila kitu kilikuwa umeme, na mita ilikuwa ya kulipia kabla: una ufunguo wa plastiki, waupeleka dukani, watiliwa pauni, warudi kuuchomeka. Ni tokeni zile zile, ila huku mama hununua kwa M-Pesa akiwa kitandani, na kule natoka usiku, njia ina barafu, kwenda kutafuta duka ambalo halijafungwa.

Nikanunua hita ya feni ya wati 2000, ile ndogo inayonguruma. Desemba kule jua huzama kabla hata ya saa kumi jioni. Nikirudi kazini saa kumi na moja naiwasha, saa tano nikilala naizima. Saa sita mara kilowati mbili ni uniti 12, zaidi ya pauni 4 kwa siku. Kwa mwezi ni pauni 120 na ushei, na hapo sijapika, sijaoga. Pauni 20 zilikwisha siku ya nne. Nikadhani mita ni mbovu, nikampigia mwenye nyumba kwa hasira. Mita ilikuwa sawa.

Kwa walio nyumbani, hesabu ni hii: Kenya, mtu asiyezidisha uniti 30 kwa mwezi mzima huwekwa kwenye daraja la bei nafuu kabisa. Hita yangu ilizimaliza uniti 30 kwa saa 15. Siku mbili na nusu tu.

Ndipo nikaliona tangazo kwenye simu. Kihita kidogo kama kikombe cha chai, kinachomekwa ukutani moja kwa moja, eti kinapasha nyumba nzima kwa dakika chache na kupunguza bili kwa nusu. Nilikinunua kwa pauni 40. Kilipofika kilikuwa cha wati 500, na nilikaa mbele yake na koti usiku kucha. Nilipoandika nirudishiwe pesa, hakuna aliyejibu. Nina uchungu na hilo mpaka leo, kwa sababu matangazo ya namna ile huwalenga watu wa hali yangu ya wakati ule, mgeni mwenye baridi na asiye na wa kumuuliza.

Hita ya umeme, iwe ya pauni 20 au ya pauni 200, hugeuza karibu umeme wote inaokula kuwa joto. Zikiingia wati 500, latoka joto la wati 500, si zaidi. Hakuna ujanja wa kauri, wala kioo, wala rimoti utakaozifanya wati 500 zipashe kama wati 2000. Hita "isiyokula umeme" ni hita isiyopasha. Basi anayelipa pauni 200 ananunua nini? Ananunua namna joto linavyomfikia, na vitu viwili vyenye thamani ya kweli: themostati, inayoizima hita chumba kikifika nyuzi ulizotaka na kuiwasha kikipoa, na taima. Hita yenye vitu hivyo waweza kuipata kwa bei ya wastani. Kingine chote ni urembo.

Namna joto linavyokufikia ndiyo ya kuchagulia. Hita ya feni hupasha upesi, inafaa chumba kidogo kwa muda mfupi, na ukiizima baridi yarudi kabla hujavua viatu. Redieta ya mafuta, ile yenye mbavu na magurudumu, huchelewa kuwaka joto, haina kelele, na ukiizima yaendelea kutoa joto kwa muda. Mafuta yamefungwa ndani maisha, hayaungui wala hayaongezwi. Kwa chumba unachokaa jioni nzima, hiyo ndiyo ningemnunulia mpwa wangu. Kisha kuna zile zenye nondo zinazong'aa nyekundu. Hizi hukupiga wewe kama jua, hewa ya chumba haziijali. Ukikaa mbele yake unaota moto vizuri kwa wati 400 au 800, ukisogea pembeni huna kitu. Kwa mtu mmoja anayesoma mezani zinafaa sana, mradi pazia na shuka ziwe mbali kwa mita moja kamili.

Kama nyumba ina gesi, hesabu hugeuka. Uniti ya gesi Uingereza ni kama robo ya bei ya uniti ya umeme, kwa hiyo familia iliyotapakaa vyumba vinne ikitaka joto kila chumba kwa hita za umeme itafilisika. Hita ni ya mtu mmoja, chumba kimoja, saa chache.

Na hapa ndipo nataka kusema lililo moyoni. Sisi watu wa Mombasa jambo hili tunalijua tangu utotoni, tukipanda ndege tunaliacha uwanjani. Februari, kaskazi ikiwa imelegea na hata kivulini watu wanatokwa jasho, ni nani kati yetu anayejaribu kuipoza nyumba? Mama huwasha feni ikamlenga yeye. Feni haipozi chumba hata kidogo, inampepea mtu, na kwa kuwa inampepea mtu tu, uniti moja huizungusha saa 16 au zaidi. Watu wakatoka barazani upepo ulipo. Mzee akavaa kikoi, akalala chini kwenye sakafu baridi. Na waliojenga mitaa hii walizifanya kuta nene za mawe ya matumbawe, na vichochoro vyembamba ili nyumba moja iikinge nyenzake na jua. Wote hao walikuwa wakimtafutia mtu afueni pale alipo.

Nilipokumbuka hilo, bili yangu ilibadilika. Nikanunua blanketi la umeme la kutandika chini ya shuka. Halifiki wati 100. Nalitangulia kuliwasha nusu saa, naingia kitanda kikiwa kama kimelaliwa, nalizima. Hata likiwaka saa tatu ni theluthi ya uniti tu, na kwa bei ya siku hizi ya peni 25 hivi hizo ni peni 8. Hita ile ya feni ingekula peni 150 kwa muda huo huo.

Kisha nikautafuta upepo unakoingilia, kama tunavyofanya huku, ila mara hii nauziba. Chini ya mlango palikuwa na uwazi wa kidole kizima. Nikachukua leso niliyotoka nayo nyumbani, iliyochakaa mpaka jina lake halisomeki, nikaishona kama mto wa kulalia, ila mrefu na mwembamba, nikaijaza soksi kuukuu na fulana, nikailaza mlangoni. Usiku wa kwanza niliweka mkono pale chini kutafuta ule upepo uliokuwa ukinikata vifundo vya miguu, nao haukuwapo. Dirishani nikatia pazia zito mpaka sakafuni. Redieta ya mafuta, maana nayo nilikuwa nimekwisha kuinunua, ikaanza kujizima yenyewe, tak, nikiwa bado nakula, jambo ambalo sikuwahi kulisikia chumbani mle.

Lakini usizibe kila kitu daima. Asubuhi fungua dirisha dakika kumi, hata kama wachukia, unyevu utoke. Usipofanya hivyo kuvu nyeusi itaanzia pembe ya ukuta iingie nguoni na kifuani. Wala usijinyime mpaka uugue. Wataalamu wa afya Uingereza husema chumba kisishuke chini ya nyuzi 18, na mwenye mtoto mchanga au mzee ndani asifanye mchezo na hilo.

Usalama nilijifunza kwa kunusurika. Hita yangu nilikuwa nimeichomeka kwenye ekstensheni, na kwenye ekstensheni hiyo hiyo sufuria ya wali ya umeme. Nilisikia harufu kama ya kijiko cha plastiki kilichosahauliwa jikoni. Nilipochomoa plagi ilikuwa ya moto haishikiki, na tundu lake limegeuka hudhurungi na kuyeyuka mdomoni. Plagi zile zina fyuzi ya ampea 13, na hita ya wati 2000 peke yake huvuta karibu 9. Ichomeke ukutani, peke yake, na usilale ikiwaka. Nguo mbichi usizianike juu yake. Ikianguka iwe ya aina inayojizima. Na mama aliposema basi mpwa abebe jiko dogo la makaa tu, nilimkatalia papo hapo: makaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na Kenya yetu hii, kule bara kwenye baridi, watu wamelala na jiko wasiamke.

Kuna jambo tunalolificha, na naona limetudhuru pande zote mbili. Majira yale ya 2022 nilikuwa nampigia mama kwa video nimeketi kitandani na koti, kofia na soksi mbili, lakini kabla ya kupiga navua kofia, naishusha zipu. Sikutaka aone. Naye akawa anaona ukuta mweupe na mwanawe anacheka, na binamu wakawa wanaleta maombi yao: karo, matanga, bati za nyumba. Nilituma, kisha siku tatu nikaishi kwa mkopo wa dharura wa mita, ule unaokatwa mara tu unapotia pauni nyingine. Sikuwa na haki ya kuwakasirikia. Wangejuaje? Pauni 120 ni zaidi ya shilingi 20,000, na hakuna mtu Mombasa aliyewahi kulipa hela hizo kwa ajili ya joto. Joto kwetu tunalikimbia.

Nilipomweleza mama ukweli, mwaka uliofuata, alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Na jirani zako hawakukuita?" Hilo ndilo lililomuuma. Huku umeme ukikatika watu hutoka nje wakaketi pamoja. Kule kila mtu ananunua joto lake na kufunga mlango lisitoke. Sisemi watu wale hawana huruma: tangu majira yale maktaba, makanisa na misikiti mingi ilianza kufungua vyumba vyenye joto kwa yeyote, na kwenye maktaba nilipata chai na mama wa Kisomali aliyenifundisha blanketi la umeme. Lakini yabidi utoke ukatafute. Mpwa wangu nimemwambia wiki ya kwanza aulize maktaba iko wapi kabla hajauliza duka la hita.

Mama amesikiliza yote haya kimya. Sasa hivi amekwisha kulitoa sanduku, kachagua leso mbili nzee, na ananiuliza milango ya kule ina upana gani. Nimemwambia ya vyumbani aghalabu ni sentimita 76. Amepima themanini, anasema kitambaa hujikunja kikijazwa, na upande mmoja ameshaushona.