Gharama ya Kuhimili Tabianchi Imo Kwenye Daftari la Shangazi

Wiki iliyopita nilihudhuria mkutano wa siku moja hapa Mwanza, kwenye ukumbi unaotazama Ziwa Victoria. Mada ilikuwa gharama za kuhimili mabadiliko ya tabianchi Kanda ya Ziwa. Nilialikwa kama katibu wa kikundi cha akina mama wa mwaloni, yaani ufukweni samaki wanaposhushwa na kuuzwa. Mtoa mada, kijana mwenye adabu na aliyejiandaa vizuri, akatuonyesha jedwali ukutani. Safu ya kwanza fedha za wafadhili, ya pili fedha za serikali, ya tatu imeandikwa "mchango wa jamii". Chini ya hiyo safu ya tatu, kuanzia juu mpaka chini, kulikuwa na vistari vitupu.

Nikanyoosha mkono kuuliza vile vistari vina maana gani. Akanijibu kwamba takwimu hazipo, na kwamba kwa kawaida jamii za huku bado hazijaanza kuwekeza kwenye kuhimili, ndiyo maana elimu inahitajika. Watu wakainamisha vichwa wakaandika. Nikakaa chini, maana nilijua nikiendelea kusema nitalia mbele za watu.

Jibu ambalo sikulitoa siku ile nalitoa leo.

Shangazi yangu anakausha dagaa juu ya vichanja, zile meza za nguzo na nyavu, ufukweni Igombe tangu mimi sijaanza shule. Ana daftari kubwa la jalada gumu ambalo kila kinachotoka mfukoni mwake na kila kinachoingia hukiandika kwa kalamu ya bluu, herufi kubwakubwa. Jumamosi nilikwenda kwake. Nikamwambia, "Shikamoo shangazi, naomba nione yale ya vichanja." Akaitikia, "Marahaba mama," akanitazama kama anayejiuliza nina deni gani, kisha akalileta.

Aprili 2020 ameandika: nguzo 24 kwa 2,500, jumla 60,000. Nyavu kuukuu 40,000. Misumari na kamba 12,000. Fundi 30,000. Shilingi 142,000 za kuhamisha kichanja kutoka mchangani kukipeleka juu, nyuma ya miembe, baada ya ziwa kuingia kilipokuwa. Kurasa kadhaa mbele, mwishoni mwa 2022, gharama zinajirudia: maji yamerudi nyuma, mitumbwi inashushia chini tena, wanunuzi hawapandi mpaka kwenye miembe, na kila ndoo ya dagaa inamtaka mbebaji wa kulipwa. Akashusha kichanja. Mei 2024 akakipandisha tena, na safari hii nusu ya nguzo zilikuwa zimeoza kwa kukaa majini.

Hiyo mara ya tatu hakuwa na akiba. Alikopa 200,000 kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wenye riba kubwa, marejesho 10,000 kila siku kwa siku 26. Pigeni hesabu wenyewe. Riba ilifika 60,000, bei ile ile ya nguzo zote 24 za 2020. Ameiandika peke yake kwenye mstari wake na kuipigia mstari chini mara mbili.

Mwanamke huyu amehimili mara tatu ndani ya miaka minne kwa fedha zake na kwa mkopo wa kunyonya. Kwenye jedwali lile yeye ni kistari.

Najua kuna atakayesema ziwa limepanda na kushuka tangu enzi za mababu, tabianchi inaingiaje hapo. Ni kweli, na nakubali ingawa sipendi namna hoja hii inavyotumika kunyamazisha watu. Wazee wa huku wanakumbuka mafuriko ya miaka ya sitini mwanzoni, ziwa lilipopanda zaidi ya mita mbili. Mwaka 2006 lilishuka mpaka watu wakatembea kwenye miamba ambayo hawakuwahi kuiona, na sababu zilikuwa mbili: ukame, pamoja na mabwawa ya Jinja, Uganda, yaliyo pale maji ya ziwa yanapotokea, kuachia maji mengi kuliko utaratibu uliokubaliwa. Wataalamu waliochunguza kupanda kwa 2020 walisema wazi kwamba kati ya Novemba 2019 na Mei 2020 usawa wa ziwa uliongezeka takriban mita 1.21, na kwamba joto lililosababishwa na binadamu lilichangia kama sentimita 7 tu za hapo. Lakini wataalamu hao hao walisema pia kwamba joto hilo limefanya kupanda kwa namna ile kuwe rahisi kutokea karibu mara 1.8 kuliko zamani. Watu wanashika sentimita 7 na kuacha hiyo 1.8. Anayejenga kichanja au choo pale ufukweni anaumizwa na kuondolewa nafasi ya kupumua kati ya pigo na pigo. Rekodi ya ziwa kupanda ya 1964 ilidumu zaidi ya nusu karne. Ya 2020 ilidumu miaka minne, ikavukwa Mei 2024.

Ziwa letu karibu asilimia 80 ya maji yake linayapata kwa mvua inayonyesha juu yake lenyewe. Kagera na mito mingine yote inaleta kilichobaki. Kwa hiyo mvua ikizidi, ziwa halisubiri mto ulete habari, linajaa pale pale. Na ufukwe wa Igombe ni mteremko wa taratibu. Mita moja ya kwenda juu inakula makumi ya hatua za ardhi, pamoja na chanja, vibanda na vyoo vilivyo juu yake. Vyoo vikizama, kipindupindu hakiko mbali.

Halafu kuna usiku. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko maji, upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku inageuka: nchi inapoa upesi, ziwa linabaki na joto lake, upepo wa pande zote unaelekea katikati ya maji, unakutana, unanyanyua ile hewa yenye mvuke, na hapo ndipo radi zinapozaliwa. Saa hizo hizo wavuvi wa dagaa wako katikati na taa zao, kwa sababu dagaa huvuliwa gizani, siku zisizo na mbalamwezi. Hewa ikiongezeka nyuzi joto moja ina uwezo wa kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na watafiti wanatarajia mvua kali juu ya ziwa ziongezeke upesi kuliko kwenye nchi kavu inayolizunguka. Inakadiriwa watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa kila mwaka kwenye ziwa hili, upande wa nchi zote tatu. Hawa tunawazika wenyewe. Gharama ya sanda na ya kusomesha yatima nayo haiko kwenye jedwali.

Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa ajili ya ziwa umesaidia, nami nasikiliza kila jioni. Lakini kijana wa mtumbwini si mwenye mtumbwi. Tajiri akisema giza limeingia, tokeni, atatoka, hata kama redio imesema mawimbi. Kumpa taarifa bila kumpa uwezo wa kukataa ni kumaliza nusu ya kazi.

Nirudi kwa shangazi, maana gharama kubwa hata kwenye nguzo haimo.

Dagaa aliyekauka anamjua kwa kidole. Anamchukua mmoja katikati ya kichanja, pale ambapo jua huchelewa, anamkunja. Akivunjika kwa mlio, tayari. Akipinda, bado. Siku za jua kali, dagaa walioanikwa asubuhi wakageuzwa mara mbili huvunjika jioni. Jumamosi ile tulikuwa tumesimama hapo anakunja, kukawa na wingu upande wa ziwa, na sijawahi kuona mwanamke wa umri wake akikimbia vile kwenda kuvuta turubai. Matone machache yalitosha. Dagaa waliolowa wakiwa nusu wakavu hubadilika rangi, wanakuwa wekundu, wanaanza kunuka, na mnunuzi aliyetaka kuwapeleka sokoni kwa chakula cha watu anakwambia hawa ni wa kuku. Bei inaanguka hapo hapo, kwenye ndoo ile ile, dagaa wale wale, kwa sababu ya robo saa ya mvua iliyokuja siku isiyotarajiwa. Kwenye daftari ameziandika siku hizo kwa neno moja, KUKU, na kando yake tofauti ya bei. Niliyahesabu maneno hayo ya mwaka mmoja mpaka nikasimama. Aliniuliza, "Mama, unahesabu nini?" Sikuwa na cha kumjibu.

Zamani alijua miezi ya kupumzika. Alikuwa anakausha kwa nguvu kiangazi, vuli ikiingia anapunguza, anakwenda kwenye mihogo. Sasa mvua zinaingia zinapotaka, na kila turubai analonunua, kila mzigo unaokwenda kuwa chakula cha kuku, ni gharama ya tabianchi aliyoilipa yeye.

Tukiambiwa duniani hakuna fedha, napenda tuziangalie hizo namba. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilisema mwaka 2023 kwamba nchi zinazoendelea zinahitaji kati ya dola bilioni 215 na 387 kwa mwaka, muongo huu, kwa ajili ya kuhimili peke yake. Fedha za umma zilizotoka nchi tajiri kwenda zinazoendelea kwa kazi hiyo mwaka 2022 zilikuwa kama bilioni 28. Sehemu kubwa ya hizo ni mikopo. Na ule mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa wa Baku, Novemba 2024, uliahidi bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, hizo zikiwa za kila kitu, kuhimili pamoja na kupunguza hewa chafu. Pengo kati ya kinachohitajika na kinachotolewa halibaki wazi hewani. Kuna mtu analiziba. Huku kwetu linazibwa na mwanamke anayelipa 10,000 kila jioni kwa kijana anayepita na pikipiki na daftari la wadaiwa. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ndivyo mzigo huu unavyoonekana ukiutazama kutoka mezani ukumbini.

Ndiyo maana kile kistari kimeniuma. Mtu asiyehesabiwa kwenye alicholipa hahesabiwi kwenye atakacholipwa. Mradi ukija utamkuta kwenye orodha ya wanaohitaji semina. Hautamkuta kwenye orodha ya wanaodai.

Sheria yenyewe imemwacha njia panda. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Naiunga mkono, nimeona uharibifu wa mwambao. Ila mita 60 kutoka ukingo upi? Wa 2006, wa 2020, au wa leo asubuhi? Kichanja cha shangazi kimekuwa halali na haramu bila yeye kukisogeza, kwa sababu aliyesogea ni ziwa. Afisa akifika anamwambia aondoke, na hakuna kifungu kinachosema gharama ya kuondoka ni ya nani.

Upandaji miti, bima, vikaushio vya jua, yote mazuri na sitayapinga. Tunajua hata sisi Wasukuma tulikuwa na ngitili, malisho yanayotengwa kwa ajili ya kiangazi, kabla ya neno kuhimili kuwa na ofisi, na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza 1986, ulifanikiwa kwa sababu uliwakuta wafugaji na ngitili zao ukaziheshimu kama kazi iliyokwishafanyika. Nataka wa mwaloni nao waanzie hapo. Ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayokopeshwa bila riba kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu itengewe fungu la dharura la kuhamisha chanja maji yakipanda, litoke ndani ya wiki, kwa sababu ikichelewa mwezi kausha damu anakuwa ameshafika. Na safu ile ya tatu ijazwe kwa namba.

Nimepiga picha kurasa 11 za daftari, kwa ruhusa yake, na nimezituma kwa mtoa mada. Amejibu kwa heshima kwamba daftari moja halitoshi kuwa takwimu. Ana haki, halitoshi. Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaosoma, kama mama yako au shangazi yako anakausha dagaa, sato au kitu chochote ufukweni, na anaandika, kaa naye uchukue yale ya kuanzia 2019: nguzo, nyavu, turubai, wabebaji, riba, siku za kuku. Muulize kwanza kama anaridhia. Jina lake lifute. Igombe na Kayenze nitapita mwenyewe mwezi huu. Ukerewe, Sengerema na Magu bado sina mtu.